STAAR na TELPAS: maswali ya wazazi wenye watoto katika shule za serikali Texas

Kila mwaka ikifika Februari, wazazi huanza kupigiana simu. Karatasi imetoka kwenye begi la mtoto, imeandikwa Kiingereza na Kihispania, na juu kuna neno kubwa: STAAR, mtihani wa masomo wa jimbo, au TELPAS, mtihani wa lugha kwa wanaojifunza Kiingereza. Aliyesomea Nyarugusu, Kakuma, Bukavu au Kigoma anaukumbuka mtihani wa taifa na moyo unamwenda mbio. Nimekaa kama mkalimani kwenye vikao vingi vya shule, na watoto wangu mwenyewe wamepitia mitihani yote miwili. Nilichojifunza ni kwamba wengi wetu tunaupa woga wote ule ambao kwa mtoto mdogo hauamui makubwa, na tunaupuuza ule mwingine unaomfuata miaka na miaka. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa mara nyingi, Houston, Fort Worth na Abilene.

STAAR ni nini, na nani anaufanya?

Ni mtihani wa jimbo la Texas, ulioanza mwaka 2012 badala ya ule ulioitwa TAKS. Unafanywa na wanafunzi wote wa shule za serikali, pamoja na shule za charter (za umma zinazoendeshwa na mashirika), kuanzia gredi ya 3. Gredi ya 3 hadi ya 8 hufanya kusoma na kuandika pamoja na hesabu kila mwaka. Sayansi inaongezwa gredi ya 5 na ya 8, na maarifa ya jamii gredi ya 8. Haiskuli kuna mitihani mitano ya mwisho wa somo, nayo nitaieleza peke yake kwa sababu huko mambo hubadilika kabisa.

Huandikishi mtoto na hulipi ada. Shule inafanya yote. Tangu 2023 mtihani unafanywa kwenye kompyuta, na si maswali ya kuchagua jibu tu: mtoto anaandika majibu mafupi na insha pia. Kwa hiyo mtoto ambaye hajazoea kuchapa kwa vidole kumi ana shida ambayo haihusiani na akili yake. Nusu saa ya kuchapa kila jioni, hata kuandika barua kwa bibi yake, inasaidia kuliko wazazi wengi wanavyodhani.

Kwa nini Marekani inapima watoto hivi kila mwaka? Kwetu tulikuwa na mtihani mmoja mkubwa mwishoni.

Serikali kuu ya Marekani inalazimisha kila jimbo kupima kusoma na hesabu kila mwaka kuanzia gredi ya 3 hadi ya 8, na mara moja haiskuli. Amri hiyo ilikuja na sheria aliyoisaini Rais George W. Bush Januari 2002. Kabla ya hapo Bush alikuwa gavana wa Texas, na sheria yake iliiga mengi yaliyokuwa yakifanyika hapa. Mwaka 2015 ilibadilishwa na sheria ya ESSA, iliyoyapa majimbo uhuru zaidi, lakini upimaji wa kila mwaka ulibaki. Lengo kubwa ni kuipima shule. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa unamchuja mtoto: nani aendelee, nani abaki nyumbani. Huu hauchuji mtu kwenda shule nyingine.

Basi mwanangu wa gredi ya 5 akifeli STAAR, atarudia darasa?

Hapana, si kwa sababu ya STAAR peke yake. Zamani gredi ya 5 na ya 8 ilikuwa lazima mtoto afaulu ndipo apande, na wazazi waliofika hapa kabla ya 2021 bado wanaisambaza habari hiyo. Sheria ya HB 4545 ya mwaka 2021 iliondoa sharti hilo. Shule inaweza kuamua mtoto arudie kwa sababu nyingine, kama alama za darasani au utoro, na hapo una haki ya kuitwa na kuelezwa.

Naomba jambo hili litangazwe misikitini na makanisani. Nimemwona mtoto wa miaka kumi akitapika asubuhi ya mtihani kwa sababu nyumbani aliambiwa akifeli ataaibisha ukoo. Mtihani huu haustahili machozi hayo.

Matokeo yameandikwa Approaches. Amefaulu au amefeli?

Amefaulu. Kuna ngazi nne. Ya chini kabisa ni Did Not Meet, yaani hakufikia. Inafuata Approaches, anakaribia. Kisha Meets, amefikia. Na juu kabisa Masters, amebobea. Kwa sheria ya Texas, Approaches ni kufaulu. Lakini usiishie hapo ukafurahi na kulala. Approaches maana yake mtoto bado atahitaji kusukumwa kidogo mwaka ujao ili amudu masomo, na Meets ndiyo dalili kwamba yuko sawa na gredi yake.

Shule imeniandikia kwamba mtoto atapewa masomo ya ziada. Ni adhabu?

Si adhabu, na ningekuomba usikatae. Aliyepata Did Not Meet kwenye kusoma au hesabu lazima apewe msaada. Sheria ya HB 1416 ya mwaka 2023 inasema saa 15 kwa somo, na saa 30 kwa mtoto aliyekuwa chini sana miaka miwili mfululizo. Vikundi visizidi wanafunzi wanne kwa mwalimu mmoja. Au shule inaweza kumweka mtoto kwa mwalimu aliyethibitishwa kuwa miongoni mwa walio bora.

Ni kweli mzazi anaweza kuandika barua akapunguza saa hizo au kumtoa mtoto kabisa. Barua ya shule huwa na kisanduku cha kutia alama, na nimeona wazazi wakitia sahihi bila kujua wamekataa nini. Fikiria: kule kambini tulilipia tuisheni kwa kuuza unga wa mgao. Hapa mtoto anaketi na wenzake watatu na mwalimu, bure. Kabla ya kusaini, mwombe mtu akusomee karatasi mstari kwa mstari.

Na haiskuli? Nasikia huko wanazuia cheti.

Huko ni kweli. Ili kupata diploma Texas, mwanafunzi anahitaji krediti, yaani hesabu ya masomo aliyomaliza na kufaulu, na pia kufaulu mitihani mitano ya mwisho wa somo: Aljebra I, Kiingereza I, Kiingereza II, Baiolojia na Historia ya Marekani. Zamani ilikuwa 15; sheria ya HB 5 ya mwaka 2013 ikapunguza ikawa mitano. Kwetu Wakongo mfano wa karibu ni Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ila tofauti ni kubwa: hapa hafanyi yote siku za mwisho. Anafanya mtihani wa somo mwaka anaomaliza somo lenyewe. Akifeli, anarudia Desemba, majira ya kuchipua au Juni, na hakuna kikomo cha mara za kurudia.

Mwanafunzi aliyefeli mtihani mmoja au miwili kati ya hiyo mitano hajafungiwa mlango. Kuna kamati inayoundwa kwa ajili ya mwanafunzi mmoja mmoja, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2015, ambayo huangalia kazi zake za darasani, mahudhurio, na mradi au mkusanyo wa kazi anazopewa kufanya kuhusu somo alilofeli. Mkuu wa shule yumo, mwalimu wa somo yumo, na mzazi yumo. Wakikubaliana wote kwa kauli moja, anahitimu. Mzazi asiyejua hili hukaa nyumbani akidhani mambo yameisha, wakati kiti chake kwenye kamati kinamsubiri.

Mwulize mshauri wa wanafunzi mapema, mwaka wa tatu wa haiskuli, mitihani mingapi imebaki. Usingoje Mei ya mwaka wa mwisho.

Kijana wangu alifika ana miaka 17 na Kiingereza hana. Atawezaje mitihani mitano?

Hili ndilo swali linaloniumiza zaidi, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Kwanza, muda. Texas humpokea bure mwanafunzi ambaye tarehe 1 Septemba hajafika miaka 21. Kijana wa miaka 17 au 18 ana haki ya kukaa darasani. Akitokea mtu ofisini akakuambia umri umempita, aende moja kwa moja kutafuta GED, cheti mbadala wa diploma, usikubali haraka. Uliza kwa maandishi.

Pili, vyeti vya kule mlikotoka. Mwanafunzi aliyemaliza somo kabla ya kuingia shule ya serikali ya Texas, na wilaya ya shule ikalikubali kwa krediti, hadaiwi mtihani wa mwisho wa somo hilo. Kama kijana alisoma aljebra au baiolojia sekondari ya Kenya, Tanzania, Burundi au Kongo, ripoti zake ni mali. Wengi wetu tuliziacha kwa jamaa tukidhani hazina thamani. Zitafutwe, zipigwe picha, zitafsiriwe, zipelekwe kwa mshauri siku ya kuandikishwa.

Tatu, kuna nafuu maalumu kwenye Kiingereza I. Anayejifunza Kiingereza ambaye amekaa shule za Marekani miaka mitatu au chini yake, na TELPAS yake ya kusoma bado haijafika juu, akifaulu somo darasani lakini akafeli mtihani, hatalazimishwa kuurudia ili ahitimu. Kwa mkimbizi aliyekosa shule kule alikotoka, miaka hiyo huongezwa hadi mitano. Uamuzi unapita kwenye kamati ya lugha ya shule, inayoitwa LPAC. Kiingereza II hakina nafuu hiyo, kwa hiyo nguvu ziwekwe huko.

Mwanangu wa gredi ya 4 ana miezi mitatu tu Marekani. Lazima afanye STAAR?

Ugeni peke yake haumwondoi. Lakini kama ni mkimbizi au amepewa hifadhi, ana karatasi kama I-94 (rekodi ya kuingia Marekani) ya kuthibitisha, na kule alikotoka hakupata shule ya kutosha, sheria ya Texas inamsamehe STAAR kwa mwaka wake wa kwanza. Kamati ya LPAC ndiyo inayoamua, na haiwezi kuamua kwa habari isiyo nayo. Watoto wetu wengi wana mapengo ya miaka: mwaka wa kukimbia, mwaka wa kungoja kuandikishwa kambini. Tunayaficha kwa haya. Yaeleze. Msamaha huu haugusi TELPAS, huo ataufanya.

TELPAS nao ni mtihani gani?

Ni mtihani wa Kiingereza kwa kila mwanafunzi ambaye shule imemwandika kuwa anajifunza Kiingereza, kuanzia chekechea hadi gredi ya 12. Hufanyika Februari na Machi. Unapima kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika. Wadogo wa chekechea na gredi ya 1 hupimwa na mwalimu kwa kuwaangalia darasani. Kuanzia gredi ya 2 ni kompyuta: mtoto anavaa vifaa vya masikioni, anaona picha, anaongea kwenye maikrofoni, sauti inarekodiwa.

Huu ndio ule niliosema tunaupuuza. Hauna kufeli, basi watoto wanaupita mbio. Lakini matokeo yake, pamoja na STAAR ya kusoma na maoni ya mwalimu, ndiyo yanayoamua mtoto atoke lini kwenye orodha ya wanaojifunza Kiingereza. Asipotoka, kila mwaka anarudi kwenye kiti hichohicho, na vipindi vya lugha vinaweza kuchukua nafasi ya somo alilolitaka, muziki au kompyuta.

Mwanangu anaongea Kiingereza kama Mmarekani, mimi ndiye ninayemtumia kama mkalimani benki. Kwa nini haponi kwenye TELPAS?

Kwa sababu Kiingereza cha uwanjani si Kiingereza kinachopimwa. Mtoto anaulizwa aeleze hatua za jaribio la sayansi, au aseme nini kinatokea kwenye picha na kwa nini. Watoto wetu wengi wanaanguka kwenye kuongea, na mara nyingi si kwa kukosa maneno. Tumewalea wamjibu mkubwa kwa ufupi, macho chini, bila kurefusha. Ndiyo adabu yetu na sitaki waipoteze. Lakini kompyuta haijui adabu. Inasikia sentensi moja na kutoa alama ya sentensi moja.

Kwa hiyo wafundishe kwamba kuna mahali pa kujibu kwa ufupi na mahali pa kumwaga maelezo. Nyumbani, mkiwa mnapika, mpe mtoto picha yoyote na mwambie aieleze mpaka umwambie basi: nani yupo, anafanya nini, kabla ya hapo kulitokea nini, baadaye itakuwaje. Afanye kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kiingereza. Anayejua kusimulia kwa lugha ya mama yake anavuka upesi. Na tafadhali msiache kuwasemesha Kiswahili kwa hofu ya mtihani.

Niliambiwa niandike Kiingereza kwenye fomu ya lugha ya nyumbani ili mtoto asipewe mitihani hii.

Ushauri huo unazunguka sana, na ni mbaya. Ukiandika uongo, mtoto anaingia darasa la kawaida bila msaada wowote, na STAAR ataufanya vilevile. Ukiandika Kiswahili, shule inampima ndani ya wiki nne tangu aandikishwe na inakutaka uidhinishe msaada. Una haki ya kukataa darasa la ESL, yaani la Kiingereza kwa wageni wa lugha, lakini hata ukikataa, TELPAS atafanya kila mwaka mpaka atakapofikia viwango vya kutoka. Yaani unakataa dawa na ugonjwa unabaki nao.

STAAR unaweza kufanywa kwa Kiswahili?

Hapana. Lugha nyingine ni Kihispania tu, nayo gredi ya 3 hadi ya 5. Kuna misaada lakini: kompyuta kumsomea mtoto maswali, maelezo ya maneno magumu, muda wa ziada siku hiyohiyo. Kwenye mtihani wa kusoma kamusi zinaruhusiwa, na anayejifunza Kiingereza anaweza kutumia kamusi ya lugha mbili. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya karatasi, si ya simu. Simu ikionekana chumbani, mtihani unaweza kufutwa. Misaada yote inaandikwa na kamati kabla, na mtoto awe ameizoea darasani.

Ninaweza kumzuia asifanye?

Sheria ya elimu ya Texas inasema wazi kwamba mzazi hana haki ya kumtoa mtoto shuleni ili akwepe mtihani. New York wazazi wengi hukataa, na habari hizo hufika kwetu kwa WhatsApp, lakini hiyo ni New York.

TELPAS unaangukia Ramadhani. Nifanyeje?

Miaka hii dirisha la TELPAS, yaani wiki zilizotengwa kwa mtihani, linakutana na Ramadhani. Andika barua mapema ukiomba mtoto afanye asubuhi, kabla nguvu hazijapungua. Siku ya Idi kutokuwepo kwake kunakubaliwa kisheria, na akikosa kipindi cha mtihani hupangiwa siku nyingine ndani ya dirisha. Mwambie mwalimu wiki mbili kabla.

Matokeo nayaonaje?

STAAR hutoka Juni kwenye tovuti ya TexasAssessment.gov. Shule inakupa namba ya siri ya mtoto. Humo hutaona alama tu. Utaona maswali yenyewe na alichojibu, na insha yake. Keti naye muisome. Insha husahihishwa kwanza kwa kompyuta, na ukiona alama haieleweki kabisa unaweza kuomba isahihishwe upya kupitia shule.

Mtoto mwenye ulemavu?

Kamati yake ya elimu maalumu, ARD, huamua misaada, na kwa wenye ulemavu mkubwa wa akili kuna STAAR Alternate 2. Mzazi ni mjumbe kamili wa kamati hiyo.

Shule yetu imepewa herufi F. Nimhamishe mtoto?

Texas huzipa shule herufi A hadi F, na STAAR ndiyo sehemu kubwa ya hesabu. Herufi ina uzito: shule ikianguka miaka mitano mfululizo jimbo linaweza kuingilia, kama lilivyochukua uongozi wa wilaya ya Houston mwaka 2023. Lakini shule yenye wageni wengi wanaojifunza lugha huanza mbio ikiwa nyuma. Kabla ya kuhama, nenda ukaone kama kuna mwalimu wa ESL anayemjua mwanao kwa jina. Mimi ningempima mwalimu huyo kabla ya herufi.

Tukihamia jimbo jingine?

Kusoma na hesabu vitapimwa popote, kwa jina jingine. Mtihani wa lugha Kentucky, North Carolina, Maine na Idaho ni ACCESS wa WIDA. Ohio ni OELPA, Arizona ni AZELLA. Sheria ya kitaifa inaruhusu majimbo kumsamehe mgeni mtihani wa kusoma mara moja katika miezi 12 ya kwanza, kwa hiyo uliza ukifika. Diploma nayo hutofautiana: Massachusetts wapigakura waliondoa sharti la kufaulu mtihani wa jimbo Novemba 2024. Beba karatasi za TELPAS na STAAR mkononi, usingoje shule zitumiane.

Ni kweli STAAR unafutwa?

Ndiyo, ila upimaji hauishi. Sheria iliyosainiwa mwaka 2025 inasema kuanzia mwaka wa shule wa 2027–28 nafasi ya STAAR itachukuliwa na mitihani mitatu mifupi: mwanzo, katikati na mwisho wa mwaka. Haiskuli bado kutakuwa na mitihani ya mwisho wa somo. Na mtihani wa lugha wa kila mwaka ni dai la serikali kuu, hauguswi na sheria hiyo.

Ninafanya kazi zamu mbili. Nikipata nafasi ya kikao kimoja tu kwa mwaka, nihudhurie kipi?

Kile cha kuzungumzia lugha ya mtoto, Mei au mwanzoni mwa mwaka. Piga simu wiki moja kabla uombe mkalimani wa Kiswahili. Shule inayopokea fedha za serikali kuu haiwezi kukutaka umtumie mtoto wako. Ukiketi, omba alama nne za TELPAS moja moja: kusikiliza, kuongea, kusoma, kuandika. Uliza ipi imembakiza, na nani atamfundisha hiyo, siku gani, saa ngapi. Jina la mwalimu huyo liandike kwenye simu yako kabla hujainuka.